Kidole

Kisanduku chenyewe si kikubwa, kingeenea kwenye kapu la mkate.
Tulikiweka juu kule Svaneti, katika kibanda cha mawe chini ya barafuto,
kilinde kipimo cha mto, kipimo kilinde kijiji.
Kijiji nacho hulinda jibini lake.

Umeme wa huku hukatika kama mazungumzo ya mahasimu,
ghafla, bila kwaheri.
Ukikatika, kisanduku huishi nusu saa kwa betri yake ya kiganjani,
kisha hufa. Na umeme ukirudi
hakifufuki. Hungoja mtu.
Waliokiunda walidhani daima kutakuwa na mtu
karibu na meza, ana soksi miguuni, ana kidole.

Huku hakuna meza.
Kuna saa nne za kupanda,
ubonyeze kitufe kimoja, usikie *tii*, ushuke.

Majira matatu ya baridi aliyepanda alikuwa Gocha,
mwana wa Lamara, miaka kumi na mitano, miguu ya mbuzi.
Lari ishirini kwa kila kubonyeza.
Mwezi wa Mei, theluji ikioza, alilala na homa siku mbili.
Mto ukapanda kimo cha mkono mzima gizani, pasipo tarakimu,
ukaondoka na daraja la chini
na trekta la Murzakani, tupu, taa zikiwaka.

Basi nikakishusha, nikakifungua jikoni kwa Lamara.
Parafujo nne, vumbi, na panya mmoja mkavu.

Kwanza nilikitoa kidude cha mlio:
huko juu kinamlilia nani?
Kisha betri ya lori mahali pa ile ya kiganjani,
nyaya nene, na fyuzi. Fyuzi kabla ya ushujaa.
Lakini transfoma ilizaliwa kubeba nusu saa,
ukiipa usiku kucha itajikaanga yenyewe;
nikatoboa matundu ubavuni, nikafunga feni ya kompyuta iliyokufa,
na wavu wa chai juu ya matundu, kwa ajili ya nduguze yule panya.
Lamara aliuliza wavu wake uko wapi. Nilikohoa.

Mwisho, rilei moja na kapasita moja:
umeme ukirudi, ihesabu hadi tisini,
kwa kuwa umeme wetu hurudi kwa uongo mara mbili kabla ya kurudi kweli,
kisha ibonyeze kitufe, sekunde moja, iachie.

"Hiki ndicho kidole," nilimwambia Gocha, aliyenishikia tochi.
Alikitazama. Chembe ya plastiki, ndogo kuliko jino la maziwa.
"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema.
"Hiki hakivunji. Kinaamsha tu."

Tulichomoa waya wa ukutani, tukaweka betri ya zamani ili ife upesi.
Ikafa. Tukachomeka.
Sabini. Themanini. Lamara aliacha kukanda unga.
*Tak.*
Taa ya kijani, pasipo sauti yoyote. Nilisahau kuwa sauti niliitoa mwenyewe.

Gocha aliomba kile kidude cha mlio. Nikampa.
Nilipaswa kumpa kitu kingine, sikukijua.
Amekifunga kwenye zizi; ng'ombe akisukuma mlango usiku, nyumba nzima huamka.

Tangu Oktoba umeme umekatika mara kumi na moja.
Nakaa Zugdidi, nasoma safu za tarakimu;
hakuna pengo, mto unasema kila dakika kumi
jambo lilelile kwa maneno yaleyale.

Ila tarehe nne Januari, saa sita na dakika kumi mchana,
kipimajoto cha ndani ya kibanda kilipanda nusu nyuzi,
kikakaa hapo kwa vipimo viwili,
kikashuka.

Jua halikuwapo siku hiyo. Umeme haukukatika.
Nilitazama ile nusu nyuzi mpaka chai ikapoa.
Katika daftari la hitilafu sikuandika kitu.